Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya shule za msingi: mwaka wa shule upangwe kuanzia darasa la kwanza

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Na kwa waheshimiwa madiwani, wakurugenzi na maofisa elimu wa halmashauri za mwambao wa kusini.

Januari 2025

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mwalimu mstaafu, mjumbe wa kamati ya shule, na bibi wa mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari 2024 katika mji mdogo wa pwani ya Mkoa wa Lindi. Mji wenyewe sitautaja, wala shule zake, kwa sababu najua jinsi barua kama hii inavyoweza kumfanya mwalimu mkuu asiye na kosa aandikiwe barua ya kutakiwa kujieleza, na walimu wakuu wa mji wetu wamebeba mizigo ya kutosha bila mimi kuwaongezea huo. Ninayoyaeleza niliyaona kwa macho yangu kwa mwaka mzima, kwani tangu nilipostaafu nimekuwa nikienda shuleni siku tatu kila juma kumsaidia mwalimu wa madarasa ya chini, na zile siku mbili zilizobaki hupita kusalimia shule nyingine za mji, ambako wengi wa walimu niliwafundisha wakiwa watoto.

Neno langu kwenu ni moja. Mwaka wa shule zetu za msingi unapangwa kwa kuutazama mtihani wa darasa la saba wa mwezi Septemba. Chumba kizuri, dawati zima, mwalimu hodari, karatasi, uji na hata saa za ziada huenda kwa watahiniwa kwanza, na kinachobaki ndicho huteremka hadi kwa mtoto wa miaka sita. Naomba mwaka huo upangwe kwa kuitazama Januari ya darasa la kwanza, na naomba mlifanyie kazi jambo hilo sasa, kwa kuwa sera mliyoipitisha wenyewe imelipa nafasi ambayo haikuwapo katika miaka yote niliyokuwa kazini.

Shule zilifunguliwa Januari 8, 2024, mvua zikiwa zimekwisha kukolea. Kabla ya kugongwa ile rimu ya gari inayotumika kama kengele, uwanja ulikuwa umejaa watoto wenye sare zilizoshonwa pana makusudi ili ziwafikishe darasa la tatu, kila mmoja na fagio lake na kidumu chake cha maji. Walipoingizwa darasani, nafasi haikutosha. Madawati mazima yalikuwa yamehamishiwa darasa la saba tangu Desemba, kwa hoja kwamba hao ndio watahiniwa na hawana muda wa kupoteza. Darasa la kwanza likaachiwa machache yaliyolegea misumari, pamoja na majamvi ya ukindu ambayo akina mama wa mtaani waliyatoa majumbani mwao. Mwalimu alikuwa mmoja. Kuita majina yote ya daftari la mahudhurio kulimaliza kipindi cha kwanza, na mtoto aliyeitwa mwanzo alikuwa amesinzia kabla ya jina la mwisho kufikiwa.

Kiwango kilichowekwa na serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Anayefundisha kusoma hawezi kufundisha umati. Lazima amsikie kila mtoto akitamka silabi, amwone anavyoshika penseli, agundue kwamba huyu anaigeuza herufi na yule hasikii vizuri sikio la kushoto. Darasa likiwa na watoto 90, yaani mara mbili tu ya kiwango, kila mmoja anapata sekunde 20 za mwalimu wake kwa kipindi, na hizo ni sekunde za siku ambayo hakuna anayelia, hakuna anayeomba kwenda chooni na hakuna mzazi aliyesimama mlangoni. Mtoto mwenye bahati, ambaye nyumbani kuna dada anayemwonyesha herufi jioni, huvuka. Asiye na dada huyo hujifunza kuitikia pamoja na wenzake, akaonekana anasoma kumbe amekariri sauti ya darasa, na hali hiyo huweza kufichika hadi darasa la nne. Nimewapokea watoto wa namna hiyo kwa miaka mingi. Walikuwa na akili timamu, na walikuwa wamekwisha kuamini kwamba hawana.

Hapa nitasema jambo ambalo wenzangu wa kazi wanalijua na hatulisemi hadharani. Anayepangiwa darasa la kwanza, mara nyingi nilizoshuhudia, ni mwalimu aliyeripoti juzi, au anayekaribia kustaafu, au anayenyonyesha na kwa hiyo anafikiriwa kuwa kazi ya huko ni nyepesi, au aliyepishana kauli na uongozi. Aliye hodari hupelekwa la saba, kwa kuwa la saba lina matokeo yanayobandikwa ukutani na kusomwa kwenye vikao vya wilaya na mkoa. Simlaumu mwalimu mkuu anayefanya hivyo. Anapimwa kwa Septemba, naye anajipanga kwa ajili ya Septemba, kama ambavyo mvuvi hutega nyavu zake kwa kufuata bamvua.

Mwaka 2024 ulikuwa na jambo lake la pekee. Mitaala mipya iliyotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ilianza kutumika Januari hiyo katika elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Kiingereza sasa kinaanza darasa la kwanza. Darasa la tatu limepata somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Nilifurahi, na bado nafurahi, kwa sababu nimeisoma mitaala hiyo na nimeona kwamba walioiandika walimfikiria mtoto. Lakini muhula wa kwanza walimu wa mji wetu waliufundisha kwa kuvifungua vitabu katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania kwa simu zao wenyewe na kwa vifurushi walivyojinunulia, kisha kunakili kurasa ubaoni kwa chaki. Mwalimu wa darasa la saba hakuwa na taabu hiyo, kwa kuwa mtaala wake ulikuwa wa zamani na vitabu vyake vilikuwapo kabatini. Mageuzi yaliyoanzia chini yalikuta vifaa vimerundikwa juu.

Niguse fedha, kwa kuwa ndiko mambo mengi yanakokwama. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulipoanza mwaka 2002, ruzuku ya kila mwanafunzi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipoleta elimu bila malipo kuanzia Januari 2016, kiasi kilibaki kilekile, shilingi 4,000 zikiwekwa kwa ajili ya vitabu na shilingi 6,000 zikipelekwa shuleni. Tunaishukuru serikali kwa uamuzi ule wa 2016. Nilikuwa kazini bado, na niliona watoto ambao wangebaki nyumbani wakiletwa kwa makundi. Hata hivyo, shilingi 6,000 zikigawanywa kwa siku 194 za masomo hazifiki shilingi 31 kwa siku, na kwa fedha hizo shule inunue chaki, ikarabati mlango, iendeshe michezo na ichape mitihani. Mitihani ndiyo inayozimeza. Kuanzia Februari darasa la saba hupewa majaribio ya kila juma, kisha mtihani wa kata, kisha wa wilaya, kisha wa utimilifu wa mkoa, na kila mmoja unataka karatasi na wino wa mashine ya kudurufia. Ruzuku ya mtoto wa darasa la kwanza inakuja kwa jina lake na kutumika kuchapa maswali ya kaka yake. Zaidi ya hayo, katika shule ninayoijua kwa karibu, kiasi kilichoingia miezi ya mwanzo wa mwaka kilikuwa bado kinafuata hesabu ya watoto wa mwaka uliotangulia, kwa hiyo wale wageni wa Januari walikula sahani ya wenzao.

Na njaa ilikuwapo. Katika pwani yetu Januari hadi Machi ndiyo miezi migumu, chakula cha msimu uliopita kimekwisha na muhindi mpya bado uko shambani. Ndiyo miezi ambayo mtoto wa miaka sita, aliyeamka gizani na kutembea kwenye matope, angehitaji kikombe cha uji kuliko wakati mwingine wowote. Uji ulikuwapo, ila ulikuwa wa darasa la saba. Wazazi wa watahiniwa walikuwa wamekubaliana kuchangia. Wazazi wa madarasa ya chini waliambiwa walete unga mwezi Januari, wakati mifuko yao imekauka kabisa, na waliposhindwa ikaandikwa kwenye muhtasari wa kikao kwamba mwitikio wa jamii ni mdogo. Niliuona muhtasari huo na uliniumiza. Wazazi haohao mwezi Oktoba na Novemba huwa na fedha mkononi, kwa kuwa mji huu na vijiji vyake unaishi kwa korosho, na msimu wa 2024 bei katika minada ya kwanza ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Kama mchango wa uji ungeombwa siku malipo ya korosho yanapoingia, unga wa Januari ungekuwa ghalani kabla ya mabati, harusi na ngoma kudai chao. Kamati yetu ililikubali hilo Novemba iliyopita. Tumepata unga wa kuanzia, wa mwezi na siku chache, na tumekubaliana kwamba wa kwanza kunywa ni darasa la awali na la kwanza.

Mei 4 kimbunga Hidaya kilifika mwambao wetu. Barabara kuu ya Dar es Salaam ilikatika eneo la Somanga, magari ya mizigo yakalala njiani, na kwa siku kadhaa bei ya daftari ilipanda pamoja na bei ya sukari. Mabati kadhaa ya madarasa yaliezuliwa. Masomo yaliporudi, waliorudishiwa chumba kikavu kwanza ni darasa la saba, na mimi mwenyewe, nikiwa kwenye kikao hicho, sikupinga. Wakati ule nami niliona ni haki. Darasa la kwanza lilisomea chini ya mkorosho hadi likizo ya Juni.

Likizo hiyo kwetu huwa ndefu kuliko inavyoandikwa kwenye kalenda. Ni wakati wa kuvuna ufuta, na ni wakati wa jando na unyago. Mila hizo zimenilea na siombi zifutwe. Wazee wa mji, pamoja na manyakanga na makungwi wanaoziongoza mila hizo, wamekuwa wakitusikiliza tunapowaomba sherehe ziishe kabla ya shule kufunguliwa, na mwaka huo wengi walifanya hivyo.

Kuanzia Agosti shule ilikuwa ya darasa moja. Watahiniwa waliwekwa kambini, walisoma alfajiri na usiku, na mwalimu wa darasa la kwanza aliondolewa mara kwa mara ili asimamie makundi yao. Septemba 11 na 12, siku za mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, madarasa mengine yalibaki nyumbani ili pawe na utulivu, na walimu wetu walipelekwa kusimamia shule za mbali. Oktoba ukaja upimaji wa darasa la nne, ikawa vivyo hivyo. Nilizihesabu katika daftari langu siku ambazo darasa la kwanza halikufundishwa kwa sababu ya mitihani ya wakubwa, tangu majaribio ya Februari hadi Oktoba. Zilitimia 23. Kwa zaidi ya majuma manne ya masomo mtoto anayejifunza kuunganisha *ba* na *ta* alirudishwa nyumbani au aliachwa na kiranja.

Mwezi Novemba, kabla ya kufunga, mwalimu na mimi tuliwaita watoto wa darasa la kwanza mmoja mmoja pembeni ya ubao na kuwapa sentensi fupi ya kusoma. Sitawapa asilimia, kwa kuwa hilo lilikuwa darasa moja na kipimo chetu kilikuwa cha kienyeji. Nitawaambia tu kwamba tulimaliza siku mbili, na jioni ya siku ya pili tulikaa kwenye kibaraza kwa muda mrefu bila kusemezana. Mjukuu wangu alisoma. Ana bibi mwalimu.

Sasa nieleze kwa nini nimesema nafasi imepatikana. Kwa sera mpya, elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita, na elimu ya lazima itakuwa ya miaka kumi, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliokuwa darasa la nne watamaliza la saba. Januari 2028 makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Najua hilo linawanyima usingizi, na ni haki liwanyime, kwa kuwa madarasa ya sekondari, walimu na maabara vitahitajika kwa wingi usio wa kawaida. Lakini mwezi huohuo kila shule ya msingi nchini itaamka ikiwa na darasa pungufu. Chumba kitakuwa kitupu. Madawati yaliyo bora kuliko yote shuleni yatakuwa hayana watu, na walimu waliokuwa wakilisimamia darasa la saba watakuwa hawana darasa.

Ombi langu kubwa kuliko yote ni kuhusu chumba hicho na walimu hao. Hofu yangu ni kwamba chumba kitageuzwa stoo au ofisi, na walimu watahamishwa kabla mtu hajakaa kufikiri, kwa kuwa mwaka huo kila macho yatakuwa kwenye kidato cha kwanza. Tolewe mwongozo mapema, mwaka huu au ujao, unaosema kwamba nafasi itakayoachwa na darasa la saba ni ya darasa la kwanza: ligawanywe mikondo, lipewe madawati hayo, na kila shule imteue mmoja wa walimu wake hodari, aandaliwe kwa mafunzo ya kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kabla ya 2028 haijafika. Mwalimu aliyezoea la saba hawezi kuteremshwa la kwanza kwa barua ya siku moja akafaulu. Kufundisha silabi ni ufundi, una mazoezi yake na subira yake, na mimi ulinichukua miaka mitatu kuujua.

Lakini watoto walioanza 2024, na watakaoanza juma lijalo, hawawezi kusubiri 2028. Kwa ajili yao naomba ruzuku ya shilingi 10,000 ipandishwe, na ihesabiwe kwa idadi ya watoto walioko shuleni mwezi inapotolewa. Naomba pia halmashauri zitumie vyema ukweli kwamba uandikishaji unaanza Oktoba: tunajua mapema watoto wangapi wanakuja, lakini bajeti ya halmashauri inaanza Julai na mipango yake inakamilika miezi mingi kabla, hivyo Januari hutukuta mikono mitupu kila mwaka kana kwamba watoto wameshuka kutoka mawinguni. Itengwe sehemu, hata ndogo, ya ushuru wa mazao, ambao kwa korosho ni asilimia tatu na hukusanywa Oktoba hadi Desemba, kwa ajili ya mahitaji ya darasa la kwanza ya Januari inayofuata: madawati, chaki na unga. Fedha hiyo inatoka kwa wazazi wa watoto haohao na inaingia wakati unaofaa.

Kwa Wizara ya Elimu, ninayo maombi mawili mafupi. Siku za kufundisha darasa la kwanza na la pili zilindwe kwa waraka, ili mwalimu wao asiondolewe kwa ajili ya mtihani wowote isipokuwa ule wa kitaifa, na siku zilizopotea zifidiwe. Na shule inapotathminiwa, maofisa waanze kwa kuuliza watoto wangapi wa darasa la pili wanasoma, kabla ya kuuliza wastani wa darasa la saba. Mwalimu mkuu akijua kwamba hilo ndilo swali la kwanza, atampanga mwalimu wake ipasavyo bila kuagizwa na mtu.

Shule zinafunguliwa juma lijalo. Daftari la uandikishaji la shule yetu nimeliona, na majina yamekwisha kupita ukurasa wa mwisho. Mwalimu ameongeza karatasi kwa pini. Madawati saba tumeyagongelea misumari upya Jumamosi iliyopita, na majamvi yamefuliwa. Iwapo mmoja wenu atakuwa kusini siku hizo, darasa la kwanza huita majina saa mbili kasorobo asubuhi, na mlango wake hauna kitasa, kwa hiyo hakuna haja ya kubisha.

Wenu katika kazi,

Mwalimu mstaafu na mjumbe wa kamati ya shule,
Mkoa wa Lindi